Samaki Wazima kwenye Njia ya Kafutuma

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka thelathini na moja, na hapo ndipo taabu yangu ilianza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini maskini mwenye nyumba, na hiyo si taabu. Taabu ni kuwa mutu asiye na mahali. Vita ilifika upande wetu wa Pweto asubuhi ya soko. Jua lilipoanguka tulikuwa tayari ndani ya mutumbwi, mimi, muke wangu, na binti yetu aliyekuwa bado ananyonya, tunavuka ziwa Mweru kuja Zambia. Nilivuka na shati, suruali na panga. Panga waliichukua bandarini Kashikishi, wakasema mukimbizi haingii na silaha. Nikasema ni ya kuchimbia mihogo. Wakasema mihogo utapewa. Sikupewa.

Ninaandika kwa sababu watoto wa siku hizi wanaona nyumba yangu ya bati na wanafikiri nilizaliwa nayo. Masomo yangu ni darasa la pili. Kusoma nilijifunza kwa Biblia ya muke wangu, kuandika nilijifunza kwa kuandika majina ya wenyewe juu ya magunia. Mwenye kutafuta maneno ya kupendeza aende kwa mwalimu. Mimi nitasema mambo vile ilikuwa.

Kambini nilikaa kidogo, nikatoka. Chakula cha kugawiwa kinamufanya mutu asahau mikono yake. Nilibeba mizigo bandarini mpaka mabega yakafanya ngozi ya pili. Baadaye nikaanza kununua chisense, wale samaki wadogo kama kidole, kuwakausha juu ya muchanga na kuwauzia Wakongomani wenzangu wanaovuka na mitumbwi ya mashini. Hakuna mutu aliyenisaidia. Wenye kusema walinisaidia, wanitajie siku.

Lakini habari ninayotaka kuandika si ya vita wala ya chisense. Ni ya samaki wazima, wenye kupumua, na ya yule binti aliyevuka akinyonya.

Baba yangu alikuwa muchimba mabwawa. Wabelgiji walimufundisha kufuga samaki, na walipokwenda, yeye aliendelea, juu bwawa halijui nani ametawala. Bwawa jipya linataka mbegu, na mbegu yake ni samaki wazima, madume na majike, kutoka maji mengine. Baba aliwabebesha mama yangu na shangazi zangu samaki hao katika mitungi, juu ya kichwa, mwendo wa kutwa. Sheria yake ilikuwa hii: maji yenye kusimama yanaua. Samaki wengi katika maji kidogo wanamaliza pumzi iliyo ndani. Maji yakitikisika, upepo unaingia, wanapumua tena. Kwa hiyo mwenye kubeba samaki hasimami, na juu hasimami, hasalimii. Kwetu kila mutu alijua. Ukiona mwanamuke anakuja na mutungi uliofunikwa majani mabichi, unatoka njiani na unanyamaza. Hata mukwe wake anatoka njiani. Salamu ataitoa wakati wa kurudi, mutungi ukiwa mutupu. Kumusimamisha ilikuwa kama kumwaga maji juu ya moto wa jirani.

Sasa binti. Ninamuita mama, juu ana jina la mama yangu. Mume wake alienda kutafuta kazi kwenye migodi ya Kolwezi, akaipata, akapata na muke mwingine. Binti akarudi kwangu na watoto wawili na sufuria. Hakumaliza hata musimu.

"Papa," akasema, "sitaki kukaa kwako kama muzigo ambao mwenyewe amesahau kuja kuuchukua."

"Nani amekuita muzigo?"

"Hakuna. Ninaondoka mbele waanze kuniita."

Huyo ni damu yangu. Alienda Kafutuma, akaomba ardhi kwa mukubwa wa kijiji, muzee wa Kibemba mwenye kuongea polepole na kukumbuka yote. Akamupa kipande cha juu cha kulima mihogo, na chini yake bonde lenye maji, penye hakuna mutu alikuwa analima. Binti akasema katika bonde atafuga samaki. Kiangazi chote alichimba. Mimi nilienda kumusaidia ukingo na mufereji wa kuingiza maji, lakini shimo ni kazi ya mikono yake. Lilipojaa maji, lilikuwa bwawa zuri kuliko mengine ya baba yangu, na baba yangu alijua kazi.

Mukubwa wa kijiji alikuja kutazama. Nilikuwapo.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Bwawa, shikulu," binti akajibu. Shikulu ni babu kwa Kibemba. Hapa ni heshima.

"Ninaona shimo."

"Samaki watakuja."

"Watakuja na miguu?" Watu waliomufuata wakacheka. Akangoja wamalize. "Sikia, mwanangu. Zamani hakuna mutu aliyetaka hili bonde. Tangu umelisafisha, kila mutu analitaka. Nilikupa juu ulisema samaki. Mvua ya kwanza ikikuta samaki humu, bonde ni lako na la watoto wako, na mwenye kuligusa ataniona mimi. Ikikuta mbu, nitamupa mwingine. Shimo lisilo na samaki ni kaburi, na mimi sigawi makaburi."

Alisema mbele ya watu. Neno la mbele ya watu halirudi tumboni.

Watasema nilivunja sheria bila kuijua. Niliijua. Samaki aliyekufa anapita na risiti ya ushuru wa soko. Samaki muzima, anayetolewa maji haya kupelekwa maji yale, anahitaji karatasi ya ruhusa kutoka biro ya samaki, ile ofisi ya serikali. Niliifuata hiyo karatasi. Kijana wa mezani, shati safi, akaniambia anayetoa ruhusa lazima kwanza alione bwawa. Nikasema twende. Akasema gari haina mafuta. Nikarudi tena, mukubwa yuko kwenye semina. Nikarudi tena, semina imekwisha, mafuta bado. Na ilikuwa inajulikana kwamba mwezi wa kumi na mbili ziwa linafungwa, samaki wazae kwa amani, mpaka mwezi wa tatu. Wakati huo samaki muzima wa ziwa hatembei hata kwa ruhusa.

"Muzee, uvumilie," kijana akasema. "Mambo ya serikali inakwenda kwa hatua."

"Mvua haina semina," nikamuambia.

Akacheka sana, akamuita mwenzake aje asikie. Mimi sikuwa ninachekesha. Dirishani kwao mawingu yalikuwa yanapandana juu ya upande wa Kongo, meusi chini na meupe juu, na upepo wa kutoka ziwani ulikuwa na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine.

Nikaamua kwenda.

Samaki niliwatoa kwa muvuvi mumoja wa Kashikishi ambaye tunamiliki naye mutumbwi nusu kwa nusu. Sikutaka wa nyavu, juu nyavu inakata matamvua. Nilitaka wa mugono, ule mutego wa fito, ambamo samaki anaingia mwenyewe na anangoja bila jeraha. Walikuwa tilapia, wale watu wa hapa wanaita mapale. Niliwageuza mumoja mumoja mukononi. Mwenye alama kwenye ngozi nilimurudisha. Nikawatia katika bidoni mbili, madumu ya plastiki, nilizopanua mudomo kwa kisu cha moto, moja kila upande wa baiskeli, majani ya maji juu. Maji nusu, upepo nusu. Mwenye kujaza mpaka juu anabeba maiti.

Muke wangu alisimama mulangoni.

"Ukikutana na pasta njiani, utamupita bila kumusalimia?"

"Nitamupita."

"Atasema umerudi nyuma katika imani."

"Leo imani yangu iko ndani ya bidoni. Sogea."

Njia ya kwenda kule ni mbaya, na kwa kazi hii njia mbaya ndiyo nzuri. Kila shimo ni pumzi. Mahali ambapo katapila ilikuwa imepita na kusawazisha, nilitoka pembeni kutafuta mawe. Watu walinitazama: muzee anaacha barabara laini na kupita kwenye mifupa yake. Wabemba ni watu wa salamu. Mwanamuke mumoja aliyekuwa anatwanga alinisalimia mara mbili, kisha akasema nyuma yangu, kwa sauti ya kunifikia: "Huyu Mukongomani, ni pombe ao ni kiburi?" Sikugeuka. Nilikuwa ninasikia mikia inapiga plastiki kwenye magoti yangu, na hiyo sauti ilinitosha.

Mbele kidogo ya njia ya Kafutuma walikuwa wameweka bariera, muti mumoja uliolazwa juu ya mapipa, polisi mumoja na musichana mumoja wa biro ya samaki, wanatafuta nyavu za macho madogo na samaki wachanga. Muti ulikuwa umeinuliwa kwa ajili ya lori. Nikapita nyuma ya lori vile baba alinifundisha, macho mbele, mudomo umefungwa. Mutu wa huku angalipunguza mwendo, akavua kofia, akauliza habari za kazi, na pengine wangalimuachilia bila kutazama. Mimi niliwapita kama miti.

Filimbi ikalia. Polisi akashika kiti cha baiskeli.

"Shikulu," akasema, "hili ni kanisa gani, mutu anapita mbele ya altare bila hata amina?"

Waliongea Kibemba, nami nilijibu kwa Kibemba changu chenye kuchechemea. Ninakiandika kwa Kiswahili juu ndiyo lugha ya kichwa changu.

"Munisamehe," nikasema, na nikaanza kuitikisa baiskeli mbele na nyuma. "Nimebeba samaki wazima. Sisimami."

Musichana alikuja. Alikuwa mudogo kuliko binti yangu, kofia imemukalia vizuri, mutu anayejiheshimu. Akainua majani kwa vidole viwili, akatazama ndani, akayarudisha polepole.

"Ruhusa iko wapi?"

Nikatoa risiti ya soko.

"Hii ni ya samaki wa kula."

"Na hawa hawaliwi?"

"Shikulu, usinichezee. Unajua ninauliza nini."

Nilijua. Nikamuambia habari ya biro, ya mafuta, ya semina. Alisikiliza na hakucheka, na hiyo niliihesabu kwake. Kisha akasema: "Simama vizuri wakati ninaongea nawe. Unatikisa nini?"

"Nikisimama vizuri wanakufa."

"Mimi nilifikiri ni malaria," polisi akasema.

Musichana akanieleza sheria. Alieleza vizuri, siwezi kumunyima. Kuna ugonjwa wa vidonda, akasema. Samaki mumoja tu anauingiza katika kijito, kijito kinaupeleka mutoni, na muto unauingiza katika mabwawa ya watu ambao hawakufanya kitu. "Bariera ninaweza kuweka barabarani," akasema. "Katika maji siwezi." Sikubisha. Nilishaona samaki wenye shimo jekundu ubavuni, kama mutu aliyezimiwa sigara juu ya ngozi. Nilishawatupa wengi.

"Hawa hawana," nikasema. "Niliwageuza mumoja mumoja."

"Ugonjwa unaanza mbele ya kuonekana. Macho yako si mashini."

"Mashini yenu iko wapi?"

Wakati ule pikapu ikafika, masanduku ya barafu nyuma, mapale juu ya mapale, ndugu za wangu, wa maji yale yale. Dereva akasalimia mara tatu, akatoa risiti kama yangu, akapita.

"Kwa hiyo kosa la wangu ni kupumua," nikasema.

Polisi akatazama chini. Musichana akanisogelea, akashusha sauti. "Shikulu, ukiwaua hapa, ni kitoweo. Risiti yako inatosha. Ninakufungulia sasa hivi na hakuna kesi. Ao uwarudishe ziwani."

Alisema kama mutu anayekusukumia kiti ukae. Na ilikuwa kweli msaada. Alikuwa ananipa mulango aliokuwa nao. Lakini kurudi ziwani ni kungoja mugono mwingine, na mawingu yalikuwa yameshavuka ziwa. Na kuwaua, kwa mukono wangu, kando ya barabara, mbegu ya mutoto wangu. Nilisema hapana. Nikasema apige simu kwa mukubwa wake, amuambie kuna muzee ambaye alikuja kuomba ruhusa na gari ikakosa mafuta.

Simu haikushika. Akapanda juu ya kichuguu, akainua mukono, akashuka, akapanda tena. Mikono yangu ilichoka, nikaanza kuisukuma baiskeli kwa kiuno. Polisi akaniona.

"Lete, shikulu. Inafanywa namna gani?"

"Mbele, nyuma. Usiwe na haraka. Kama mutu anayebembeleza mutoto asiyetaka kulala."

Akaanza kwa kucheka, bunduki mugongoni. Wanawake waliokuwa wanauza viazi pale wakamupigia vigelegele, wakamuuliza mutoto anaitwa nani. Baada ya kitambo hakucheka tena. Aliinama, akasikiliza bidoni, akasema: "Wako. Ninawasikia."

Musichana akarudi na uso umefungwa. Mukubwa amesema muzee na samaki waletwe, samaki ni kielelezo. Gari inakuja.

Ikaja. Gari ile ambayo haikuwa na mafuta ya kwenda kuona bwawa, ilikuwa na mafuta ya kuja kunikamata. Ninaandika hili polepole ili nisiandike mabaya zaidi.

Ndani ya gari samaki walikuwa salama, juu gari ilikuwa inaruka. Kwenye biro wakashusha bidoni, wakaziweka chini ya ukuta kwenye ukumbi, kwenye kivuli. Vizuri, kwa heshima, zimenyooka. Mimi wakaniweka kwenye benchi upande wa pili. Mukubwa ametoka, atarudi. Nikaamka niende kutikisa. Yule kijana wa shati safi akanizuia kwa kiganja.

"Mushitakiwa hagusi kielelezo, muzee."

"Basi uguse wewe."

"Mimi si mushitakiwa."

"Ndiyo maana ninakuambia wewe."

"Acha ayatikise," musichana akasema kutoka mulangoni. "Hata mimi niliona, maji yakitulia hawapumui."

"Ukitaka waandike kwamba kielelezo kilichezewa, sawa. Uweke sahihi."

Hakuweka sahihi. Alikuwa na kazi yake ya kuilinda, na labda na mama wa kumulisha. Lakini kila alipopita pale ukumbini na makaratasi yake, alizisukuma bidoni kwa muguu, moja halafu nyingine, bila kutazama. Alipita mara nyingi kuliko kazi ilivyotaka. Haikutosha. Maji yanataka kutikiswa bila kuacha.

Mwenye hajasikia hawezi kujua. Kwanza mikia inapiga kwa nguvu, kama watu wanaogonga mulango. Halafu wanapanda juu, midomo inakunywa upepo, na hiyo ni sauti ndogo, kama mutu anayekula bila meno. Halafu mumoja mumoja wanalala ubavu. Nilikaa pale na mikono juu ya magoti. Nilishabeba magunia ambayo vijana wawili waliyakimbia, na siku ile sikuweza kunyoosha mukono kufika upande wa pili wa ukumbi.

Mukubwa alirudi alasiri. Mutu munene, musafi, hana ubaya usoni.

"Samaki wazima wako wapi?"

Kijana akaonyesha. Mukubwa akainua majani.

"Hawa wamekufa."

"Walikuwa wazima, mukubwa."

Akanitazama, akatazama bidoni. Nilimuona anapima. Kisha akasema: "Haya, muzee. Kwa samaki waliokufa sina kesi nawe. Uko na risiti ya soko?"

"Niko nayo."

"Basi uwachukue mbele waoze. Na siku nyingine ufuate njia."

Alifikiri amenihurumia. Pengine amenihurumia kweli. Musichana alinisaidia kufunga bidoni kwenye baiskeli, akakaza kamba mara mbili, akasema: "Jina lako na la binti ninalo. Ile ruhusa nitaifuata mimi mwenyewe." Nikapanda baiskeli.

Nilifika Kafutuma jua likiwa juu ya miti. Binti alikuwa kwenye ukingo wa bwawa. Alikuwa ameshausafisha mufereji na kutupa mbolea ya mbuzi majini, maji yakawa ya kijani, vile yanavyotakiwa kwa wageni. Aliona vile baiskeli ilikuwa inakuja, kimya.

"Papa, ulisimama?"

"Walinisimamisha."

Akachukua bidoni. Akakaa chini, akaanza kuparua magamba. Watoto wakafurahi juu ya samaki wengi. Aliwapasua, akawatia chumvi, akawapanga juu ya moshi, mpaka wa mwisho.

Mvua ilikuja mbele ya wiki kumalizika. Mukubwa wa kijiji alikuja nyuma ya mvua, ziwa limeshafungwa, pamoja na mutoto wa dada yake. Binti akawapikia wale samaki, na bukari, ugali wetu, juu mugeni ni mugeni. Muzee akala, akanyonya mifupa, akanawa.

"Ni watamu. Ni wa bwawa hili?"

"Ni wa bariera," nikasema mimi.

Nikamueleza yote. Alisikia mpaka mwisho. Akasema pole, na alimaanisha. Binti akapiga magoti, akasema: "Shikulu, uniachie mpaka ziwa lifunguliwe. Maji iko, ukingo iko, mimi niko. Kitu moja tu inakosekana."

"Ndiyo kitu moja niliyosema," akajibu. "Mwanangu, nikikuachia wewe, kesho kila mutu atakuwa na shimo lake na hadithi ya bariera. Mihogo ya juu ubaki nayo. Bonde ni la huyu."

Mutoto wa dada yake hakuinua macho. Hawa watu wanarithi kwa upande wa dada. Nilijua tangu mwanzo, na ndiyo maana nilikuwa na haraka. Binti alinitazama niseme. Wanasema Wakongomani tunajua kuomba. Mimi sikuomba mwaka ule nilipovuka bila kitu, na sikuomba siku ile.

Ziwa lilipofunguliwa mwezi wa tatu, tulikuwa tunang'oa mihogo, mimi na yeye, na tukasikia pikipiki. Ni yule musichana. Alikuwa amevaa koti la mvua, karatasi ndani ya plastiki kifuani. Akashuka mpaka bondeni, akapima kina kwa fito, akachota maji katika chupa, akatazama mahali maji yanapotokea ili samaki wasikimbilie kijitoni. Akapanda anatabasamu.

"Bwawa zuri. Sijaona lililochimbwa hivi. Nani mwenyewe, niandike?"

Mutoto wa dada alikuwa ameshafika, anafuta mikono kwenye suruali. Akataja jina lake. Musichana akamutazama, akamutazama binti, akanitazama mimi, na kalamu ikabaki juu.

"Nilisukuma hii karatasi miezi yote, shikulu," akasema.

"Ninaona. Imefika."

Akaandika. Angefanya nini? Mwenye ardhi ndiye anayeandikwa. Yule mutoto wa dada, mwenye ruhusa mukononi, akaniomba nimubebee samaki kutoka ziwani, juu hapa hakuna anayejua. Alitoa na malipo. Nikakataa. Wakasema kiburi. Ndiyo, ni kiburi, na nilikipata kwa shida.

Binti hakukataa. Alienda naye Kashikishi, akachagua samaki, akamuonyesha maji nusu na upepo nusu, na wote walifika. Sasa analisha samaki wa bwawa alilochimba, na wakivua anapewa fungu lake. Nilimuuliza mara moja tu anawezaje.

"Papa," akasema, "watoto wanakula kila siku. Hasira yangu inakula nini?"

Hatujaongea hilo tena. Nikienda kumuona ninapita njia ya juu, ya mihogo. Yeye anaona vile ninapita.

Leo niko na vitu hivi. Nyumba ya vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, bati. Nusu ya mutumbwi. Baiskeli. Vitanda vya kukaushia chisense. Mbuzi majike, na dume mumoja mwenye pembe moja. Kiti cha mikono. Redio. Kadi ya mukimbizi, ambayo bado ninaifanya upya. Muke wangu, na Biblia yake. Panga nyingine, niliyonunua. Ardhi, hapana.